Bruchi za wadudu za zamani: ya Uingereza, ya Ufaransa au ya Marekani? Zigeuze nyuma kwanza

Tuseme una hela ya bruchi moja tu (lile pambo la kubana nguoni kwa pini), na mbele yako wamepangwa nyuki watatu, wote mabawa yamejaa vialmasi au vitu vinavyofanana na almasi, wote tumboni wana jiwe kubwa la rangi, na muuzaji anakuapia kwamba wote ni wa zamani, mmoja katoka Uingereza, mmoja Ufaransa, mmoja Marekani. Uchukue yupi? Watu wengi wanaanza na uso, yupi katengenezwa vizuri, yupi macho yanang'aa, mimi nasema uso uache kwanza maana uso wa nyuki haukwambii katengenezwa na nani wala lini. Nyuki ni nyuki. Na hili limefika mpaka mahakamani huko Marekani, kampuni ya Herbert Rosenthal ilimshtaki sonara mwenzake Kalpakian kwamba kamuigia bruchi yake ya nyuki wa dhahabu aliyejazwa vito mgongoni, mahakama ya rufaa ikakataa mwaka 1971, hoja ikiwa kwamba wazo la nyuki wa vito huwezi kulifanya mali yako, yeyote atakayemuangalia nyuki wa kweli akampanga mawe mgongoni atatoka na kitu kinachofanana na chako tu. Kwahiyo umbo ni la wote, Rosenthal au sonara wa kichochoroni. Kinachowatenganisha ni kile kilichogongwa kwa nyuma.

Sasa kila nchi ina mambo yake kwenye kugonga hizo chapa, na ndo maana swali la uchukue yupi mara nyingi ni swali la unataka kujua nini kuhusu kitu chako. Kuna anayetaka mwaka, kuna anayetaka uhakika wa dhahabu, kuna anayetaka jina la kampuni ili siku akiuza asihangaike. Ntawalinganisha hao watatu kwa hayo. Uzuri siugusi, huo ni wako na kioo chako.

Chapa zinajificha wapi

Haraka haraka tu. Bruchi ya mdudu ni ndogo na nyuma yake imejaa matundu (fundi anatoboa nyuma ya mawe mengi ili mwanga upite), kwahiyo sehemu tambarare ya kugonga chapa ni chache. Angalia pembeni mwa fremu, chini ya mabawa, kwenye mguu wa ile ndoano inayoshika pini, kwenye pini yenyewe karibu na bawaba, na kama mdudu kakalishwa juu ya kijiti cha dhahabu basi nyuma ya hicho kijiti. Tumia lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, taa iwe ya upande sio ya juu, na ugeuze kitu taratibu taratibu mpaka kivuli kiingie kwenye maandishi. Simu yenye kamera nzuri ya karibu inasaidia sana pia.

Msioshe kwanza jamani. Bruchi nyingi za zamani zina karatasi ya metali nyuma ya jiwe ili ling'ae, maji yakiingia humo jiwe linafifia na halirudi tena. Feruzi, lulu na opali nazo hazipendi sabuni. Brashi laini kavu inatosha kuonyesha chapa.

Na jambo moja la kushika tangu sasa: pini hubadilishwa. Inakatika, inapelekwa kwa fundi, inawekwa nyingine. Chapa ikiwa kwenye pini peke yake basi imethibitisha pini, mwili wa mdudu bado hujauthibitisha. Ukiona risasi ya kijivu ya kulehemu imemwagika kuzunguka bawaba kwenye kitu cha dhahabu ujue hapo pamewahi kurekebishwa na fundi mwenye haraka, na huenda chapa ya asili iko chini ya hiyo risasi.

Wa Uingereza: akiongea anamaliza yote, shida ni pale anaponyamaza

Mfumo wa Waingereza ndio ninaoupenda kuliko yote, sifichi. Kitu kinapelekwa kwenye ofisi ya kupima madini iliyowekwa kisheria, kinapimwa, halafu kinagongwa mstari mzima wa alama: herufi za aliyekipeleka, alama ya ubora wa madini, alama ya mji, na herufi ya mwaka. London ni kichwa cha chui. Birmingham ni nanga, na hii utaiona sana kwasababu Birmingham ndio kwenye mtaa wa masonara waliokuwa wanatengeneza vitu vidogo vidogo kwa wingi. Edinburgh ni ngome. Chester ilikuwa na miganda mitatu ya ngano na upanga, na ofisi hiyo ilifungwa mwaka 1962, kwahiyo ukiona ngano hizo tayari unajua kitu kimepimwa kabla ya hapo bila hata kusoma herufi ya mwaka. Fedha inakuwa na simba anayetembea.

Herufi ya mwaka ndo utamu wenyewe. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake, herufi na umbo la kifremu chake vinabadilika, kwahiyo herufi moja ya Birmingham na hiyohiyo ya London zinaweza kuwa miaka tofauti kabisa. Usisome herufi kabla hujajua mji. Mwaka 1975 ofisi zote zikaanza kutumia herufi moja kwa pamoja, ila kwa bruchi za zamani hilo halikusaidii sana.

Halafu kuna karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Uingereza waliruhusu dhahabu ya karati 9, 12 na 15 mwaka 1854, na mwaka 1932 wakaziondoa 12 na 15 wakaweka 14. Sasa fikiria faida ya hiyo: kipepeo mwenye chapa ya 15ct tu, hata bila kitu kingine chochote, kama hiyo chapa ni ya kweli na ni ya Kiingereza basi kakaa kati ya hiyo miaka miwili. Hiyo ni taarifa nzuri kwa tarakimu mbili na herufi mbili. Na angalia wameandikaje, ct ni tabia ya Uingereza, K ni ya Marekani.

Haya, uzuri umeisha, tuje kwenye shida. Wadudu wengi wazuri wa Kiingereza ni wa enzi za Malkia Victoria, miaka ya 1860 mpaka 1890 na kitu, kipindi ambacho wanawake wa kule walikuwa wanavaa nzi, nyuki, mbawakawa na buibui kwenye kofia, shela na kifuani (buibui sio mdudu kibayolojia, najua, ila wauzaji wanamuweka humohumo na mimi siwezi kupigana nao). Kuna mpaka waliovaa mbawakawa wa kweli waliokaushwa: British Museum wana seti ya Lady Granville ya mwaka 1884 hadi 1885, dhahabu na vidudu halisi vya kijani vya Amerika ya Kusini, kazi ya Phillips Brothers. Sasa, kipindi hicho sheria ilivisamehe vito vingi vidogo visipelekwe kupimwa, kwahiyo bruchi nyingi za Victoria hazina mstari kamili wa alama, utakuta 15ct peke yake, au 9ct, au hakuna kitu kabisa. Kwahiyo mtu akikwambia huyu sio wa Kiingereza maana hana chapa, mwambie asome tena. Hata sheria ya sasa, ile ya 1973, inasamehe dhahabu iliyo chini ya gramu 1 na fedha iliyo chini ya gramu 7.78, na mdudu mdogo wa fedha anaingia humo bila tabu. Platinamu nayo haikuwa na alama rasmi mpaka 1975, kabla ya hapo waliandika tu PLAT.

Na zile herufi za fundi, tahadhari kidogo, ni herufi za aliyekipeleka kitu kupimwa. Anaweza kuwa fundi mwenyewe, anaweza kuwa mwenye duka au muuzaji wa jumla ambaye hajawahi kushika tupa maisha yake yote. Ila zipo chapa ambazo ukiziona unafurahi: Child & Child wa London walitumia ua la alizeti katikati ya C mbili, wanajulikana sana kwa enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya metali) na mabawa yao. JA&S wa Birmingham ndio wale wa vipepeo vya fedha na enameli, hawa unawakuta mara nyingi na bei yao bado inashikika kuliko vito vya dhahabu.

Wa Ufaransa: kichwa cha tai

Mfaransa haongei sana lakini anachosema anakisimamia. Dhahabu ya karati 18 inagongwa kichwa cha tai, tangu mwaka 1838 mpaka leo. Fedha inakuwa na kichwa cha nguruwe pori (cha Paris, mpaka mwaka 1962) au kaa (wa mikoani). Platinamu ni kichwa cha mbwa, tangu 1912. Yaani ni zizi zima la wanyama, na zote ni ndogo kiasi kwamba bila lenzi utadhani ni mkwaruzo.

Angalia lakini kilichokosekana. Hakuna mwaka. Tai wa 1850 na tai wa 1950, kwa jicho la mnunuzi wa kawaida, ni tai tu. Kinachokupa muda ni chapa ya pili, ya fundi, ambayo kwa Ufaransa lazima iwe ndani ya kidirisha cha msambamba, ile shepu ya almasi ya kwenye karata, na ndani yake herufi za jina na kaalama kadogo katikati. Ukiisoma hiyo unaweza kutafuta fundi alisajiliwa lini na alifunga lini. Ikiwa imefutika nusu, na mara nyingi imefutika, umebaki na tai wako tu na umbo la kazi.

Kama kidirisha ni cha mraba badala ya msambamba, simama hapohapo. Mraba ni wa watengenezaji wa vitu vilivyofunikwa dhahabu juu, ndani ni metali nyingine. Neno FIX pia ni la humohumo, ni chapa ya dhahabu ya tabaka, sio jina la mtu. Zinatengenezwa vizuri na zinadumu, sizidharau, ila usilipe bei ya karati 18.

Na bundi. Bundi anawachanganya watu sana. Kichwa cha bundi kwenye dhahabu, tangu 1893, maana yake kitu kimetoka nje ya Ufaransa au asili yake haijulikani, kikapimwa kikakutwa kinafaa kuuzwa. Kwahiyo kerengende mwenye bundi anayeuzwa kama kazi ya Paris, huyo muuzaji ama hajui ama anajua sana. Dhahabu ni ya kweli, hilo bundi kathibitisha. Paris ndo hajathibitisha.

Kwenye majumba makubwa ya vito kama Cartier na Boucheron tegemea vitu vitatu vinavyokubaliana: jina lililochongwa, namba, na msambamba wa karakana iliyofanya kazi, maana majumba hayo yalikuwa yanaagiza kazi kwa karakana zenye chapa zao. Jina peke yake bila tai na bila msambamba, kwa kitu kinachosemwa kimetengenezwa Paris, mimi ningerudisha mfukoni pochi yangu. Jina ni kitu rahisi kuchonga. Lalique naye, yule sonara Mfaransa wa mapambo ya kerengende (kile kikubwa chenye mwili wa mwanamke kiko jumba la makumbusho la Gulbenkian kule Lisbon), jina lake limebandikwa kwenye vitu vingi ambavyo mwenyewe hajawahi kuviona.

Wa Marekani, na hapa kuna wawili

Hapa lazima tugawe. Kuna Mmarekani wa dhahabu na kuna Mmarekani wa fasheni, na ni watu wawili tofauti kabisa.

Wa dhahabu: Marekani hakuna ofisi ya serikali inayopima na kugonga. Sheria ya 1906 inamtaka mtengenezaji asidanganye, akiandika 14K iwe 14K, basi. Yeye mwenyewe anapima, yeye mwenyewe anagonga. Mwaka 1961 ndo wakaongeza kwamba ukiandika karati lazima uweke na alama yako ya biashara karibu yake, ili ukidanganya tujue wa kumkamata. Kwahiyo bruchi ya kabla ya hapo yenye 14K tupu bila jina ni ya kawaida, haina maana ni feki, ila umeachwa gizani kuhusu mwaka na fundi. Wadudu wengi wazuri wa enameli na lulu ndogo wa mwanzoni mwa karne ya 20 walitoka Newark, New Jersey, mji uliokuwa umejaa viwanda vya masonara. Krementz wa hapohapo Newark alikuwa mfalme wa vifungo vya kola, na chapa yake ya dhahabu inafanana na kifungo cha kola kikitazamwa kwa upande. Ukiona jina Krementz limeandikwa kwa kirefu, chunguza vizuri maana vingi vya hivyo ni vya tabaka la dhahabu.

Wa fasheni ndio ninaotaka kukaa nao, kwasababu ndio wengi sokoni, ndio wenye bei ya mtu wa kawaida, na watu wanawadharau bila sababu. Kampuni za Trifari, Coro, Weiss, Joseff, hao. Mawe ni vioo, metali imechovywa dhahabu, na hakuna anayekudanganya kuhusu hilo. Lakini kazi! Mbunifu mkuu wa Trifari tangu 1930, Alfred Philippe, kabla ya hapo alikuwa anafanya kazi kwenye karakana iliyokuwa inatengenezea Cartier na Van Cleef & Arpels, kwahiyo namna alivyopanga vioo kwenye tumbo la nzi ni namna ileile ya kupanga yakuti.

Na sasa kitu ambacho wengi hawakijui, hawa wa bei rahisi ndio wanaoweza kukupa tarehe nzuri kuliko hata Mfaransa wa karati 18. Angalia nyuma kama kuna maandishi Des. Pat. yakifuatwa na namba (Pat. Pend. maana yake hati imeombwa tu, namba bado). Hizo ni hati za ubunifu, zimehifadhiwa kwa serikali ya Marekani na yeyote anazitafuta kwenye intaneti bure, unaweka namba unapata mchoro wa mdudu wako, jina la mbunifu, na siku aliyoomba hati. Mchoro kabisa! Na hata kama namba haipo nyuma, kuna watu wanatafuta kwa jina la mbunifu wanapitia michoro mmoja mmoja mpaka wampate, kazi ya wikiendi lakini inalipa.

Halafu mwaka 1955 Trifari walishinda kesi dhidi ya kampuni inaitwa Charel, mahakama ikakubali kwamba vito vya fasheni navyo vinaweza kulindwa kwa hakimiliki kama kazi ya sanaa. Tangu hapo utaanza kuona kale kaalama ka C ndani ya duara pembeni ya jina, na zile hati za ubunifu zikaachwa taratibu. Kwahiyo Trifari mwenye © anayeuzwa kama wa miaka ya arobaini, hapana. (Kichekesho ni kwamba Trifari wakapewa ulinzi 1955 na Rosenthal akanyimwa kwa nyuki wake 1971, wanasheria watatuelezea wenyewe.)

Vita navyo viliacha alama. Mwaka 1942 metali za kawaida za viwandani zilipelekwa kwenye silaha, viwanda vya urembo vikahamia kwenye fedha, ndo maana wadudu wa kipindi hicho mpaka vita vilipoisha na kidogo baadaye wana neno Sterling (yaani fedha halisi) nyuma pamoja na jina la kampuni. Wale wenye tumbo la plastiki angavu, wanaoitwa Jelly Belly, wengi ni wa dirisha hilo. Ni wanaotafutwa sana, na wanaotafutwa sana ndio wanaoigizwa sana, kwahiyo kwa hao usinunue kwa picha moja.

Weiss ilianza 1942 ikafa mwanzoni mwa miaka ya sabini, ila chapa ya Weiss haijafa, inaendelea kugongwa kwenye vipepeo vipya na watu wasiohusika kabisa. Joseff ni shida ya aina nyingine: mwenyewe, Eugene Joseff, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1948, kampuni ikaendelea na kuendelea kutumia sampuli zake za zamani, kwahiyo nyuki wa Joseff ni wa Joseff kweli, chapa ni ya kweli, ila inaweza isikwambie kama ni wa enzi zake au wa baadaye.

Tukiwaweka upande kwa upande

Kwa uhakika wa madini, Mfaransa na Mwingereza mwenye mstari kamili wako sawa, mpimaji wa kisheria amesimama katikati. Mmarekani wa dhahabu unaamini neno la mtengenezaji. Mmarekani wa fasheni haingii kwenye hili, isipokuwa wa Sterling.

Kwa mwaka, Mwingereza mwenye mstari kamili anawashinda wote, anakupa mwaka mmoja. Anayefuata, na watu wanabisha hapa lakini mimi sirudi nyuma, ni Trifari mwenye namba ya hati. Kumbuka tu tarehe ya hati ni ya mchoro, kitu chenyewe kinaweza kuwa kimetoka kiwandani mwaka huo au miaka miwili mitatu baadaye. Mfaransa anakupa kipindi cha maisha ya karakana ukibahatika. Mwingereza wa 15ct tupu anakupa miaka sabini na nane. Mmarekani wa 14K tupu anapandisha mabega tu, hajui.

Kwa jina la mtengenezaji, Mmarekani wa fasheni ndo rahisi, ameandika kwa herufi unazosoma bila kitabu. Mfaransa ni mgumu kusoma lakini ukisoma umepata karakana yenyewe. Mwingereza, kama nilivyosema, unaweza kuwa umepata mwenye duka.

Kwa kuigizwa, wote wanaigizwa, ila namna ni tofauti. Chapa ya kweli imegongwa kwa nyundo, kingo zake ni kali, chini yake ni tambarare, na metali imesukumwa kidogo kwa pembeni. Chapa iliyotoka kwenye kalibu, yaani mtu kachukua bruchi ya kweli akaifanyia kopi pamoja na chapa yake, inakuwa laini na imevimba, kuna vitundu vidogo ndani yake, herufi kama zimelambwa. Hapa angalizo kwa fasheni: kampuni nyingine ziliweka jina ndani ya kalibu tangu mwanzo au kwenye kibati kidogo cha kubandika, kwahiyo ulaini peke yake sio ushahidi kwa hao, linganisha na mwenzake unayejua ni wa kweli. Kwa dhahabu ya Kiingereza na Kifaransa, chapa laini ni sababu ya kutosha ya kuuliza maswali.

Na kwa kuvaa, maana wengine tunavaa, dhahabu ya 18 ya Mfaransa ni laini na miguu ya mdudu inapinda ukikumbatiana na watu harusini, karati 9 ya Mwingereza inavumilia zaidi, na ya fasheni inavumilia kila kitu isipokuwa maji na marashi.

Namba 925 (alama ya kisasa ya fedha) peke yake kwenye kitu kinachoitwa cha Victoria cha Kiingereza, usihangaike nacho. Mwingereza wa kipindi kile angekuwa na simba, au asingekuwa na chochote.

Chapa haisemi jiwe

Hili nimeliweka peke yake kwasababu ndo linaloliza watu. Tai, nanga, simba, 14K, zote zinaongelea madini. Hakuna hata moja inayosema yakuti ni yakuti. Bruchi ya dhahabu ya kweli kabisa yenye mstari mzima wa Birmingham inaweza kuwa na kioo tumboni, na fundi wa zamani hakuona aibu kuweka kioo kwenye dhahabu.

Ila jiwe nalo lina tarehe zake, na hapa sisi wa huku tuna faida maana mawili kati ya mawe yenye tarehe kali kabisa yametoka kwetu. Tanzanaiti ilijulikana 1967 kule Merelani, ikapewa jina na kampuni ya vito ya Tiffany 1968. Tsavoraiti, garneti ya kijani kibichi, mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta Tanzania 1967, halafu akaipata Kenya upande wa Tsavo, na jina likatangazwa 1974. Kwahiyo kerengende wa mwaka 1890 mwenye tanzanaiti mgongoni, ama sio wa 1890 ama kabadilishiwa jiwe, hakuna njia ya tatu. Kijani ndo kinataka umakini, kwasababu wadudu na mijusi ya mwisho wa enzi za Victoria walikuwa na garneti ya kijani ya kweli, demantoidi, kutoka milima ya Ural kule Urusi. Ndani ya demantoidi ya Urusi mara nyingi kuna nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka sehemu moja kama mkia wa farasi, na ukiziona kwa lenzi una sababu ya kutabasamu. Tsavoraiti haina.

Rubi nazo, mkemia Mfaransa Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi kiwandani mwaka 1902, na jicho la mdudu ni mahali pazuri sana pa kuweka karubi kadogo ka kiwandani. Kwa lenzi utaona mistari iliyopinda ndani, ile ya jiwe la asili haipindi. Kwenye bruchi ya 1925 hilo ni jambo la kawaida tu la enzi zile, hakuna aliyekuibia. Kwenye ya 1880 ni jiwe lililobadilishwa.

Na asiye na chapa kabisa

Usimtupe. Muangalie kifungio. Ndoano wazi ya umbo la C na pini ndefu inayopita ukingo wa bruchi ni tabia za karne ya 19. Kifungio cha kuvuta, kile kakijiti kanachochomoka na kurudi ndani ya kabomba, ni cha Ulaya, mwisho wa karne ya 19 mpaka karibu na vita vya pili. Kale kagurudumu kanakozunguka kufunga mdomo ni karne ya 20. Vyote hivi vinaweza kubadilishwa kama pini inavyobadilishwa, kwahiyo visikilize pamoja na mawe na uzito, sio kimoja kimoja. Na kagua kama alikuwa bruchi tangu mwanzo, wadudu wengi walianza maisha juu ya pini ya kofia au ya tai ya shingoni, baadaye wakawekewa bawaba.

Sasa uchukue yupi

Kama ndo ya kwanza na hela ni ndogo, chukua Trifari au Coro yenye jina linalosomeka na ikiwezekana namba ya hati nyuma. Utajifunza kusoma nyuma ya bruchi kwa bei ambayo haikuumizi, na utakuwa na kitu chenye hadithi kamili kuliko vitu vya mara kumi ya bei yake. Weiss waache mpaka umeshika kadhaa mkononi.

Kama unataka dhahabu na unataka kulala usingizi, chukua Mwingereza mwenye mstari kamili, hata kama ni karati 9 na mawe madogo, kuliko Mwingereza wa Victoria mkubwa na mzuri asiye na kitu nyuma ambaye unamuamini muuzaji tu. Ukishazoea, basi rudi kwa huyo mkubwa, maana hapo ndo kuna kazi nzuri kuliko zote na ndo pia wauzaji wanapokosea bei, wakati mwingine kwa faida yako.

Mfaransa mnunue ukiwa na lenzi mkononi au muuzaji mwenye haki ya kurudishiwa kitu kwa maandishi. Omba picha nne: tai, msambamba, pini, na mgongo mzima. Anayekuletea picha ya tai peke yake, ya karibu sana, bila kuonyesha iko sehemu gani ya bruchi, muulize tu kwa upole kama hiyo tai iko kwenye pini.